Chembe za Metali na Usafishaji wa Maji kwa Nuru

Huko Kinkondja, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Lualaba, maji ni tele lakini kipindupindu hurejea mara kwa mara. Jua nalo ni tele; je, laweza kuyasafisha?

Dioksidi ya titani ni kichocheo: ikipigwa na nuru, elektroni zake huruka na kuacha matundu, nayo maji yakazaa kemikali kali ziunguzazo uchafu na kuua vijidudu. Lakini hutumia miali ya urujuanimno tu, takriban asilimia 5 ya nuru ya jua, na elektroni nyingi hurudi matunduni upesi. Chembe za dhahabu, zenye upana wa nanometa chache, huzinasa elektroni hizo, tena hufyonza nuru ionekanayo.

Hata hivyo, tope huizuia nuru. Kwa hiyo chujio sharti litangulie jua.