Safari Ikivunjika: Kweli au Si Kweli?

Ukikaa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, au ukipanda teksi kwenda Mbarara, lazima umezisikia kauli hizi. Husemwa kanisani, msikitini na kwenye foleni ya chakula, hasa tangu Januari 2025, safari za wakimbizi kwenda Marekani ziliposimamishwa na watu waliokwisha kuuza vyombo vyao wakabaki na mabegi. Tuzipime moja moja.

"Safari ikivunjika, kuna dhambi umeificha."
SI KWELI. Sababu inajulikana: amri aliyoitia saini Rais Donald Trump tarehe 20 Januari 2025 ilisimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi. Iliwakumba wanaokesha wakiomba na wasioomba, Wakongomani na Wasomali, wenye tiketi na waliokuwa bado wanangoja mahojiano. Ayubu naye aliambiwa na rafiki zake kwamba lazima amekosa. Mwishoni mwa kitabu, waliokemewa na Mungu ni wale rafiki.

"Kulia ni kukosa imani."
SI KWELI. Yakobo alimlilia Yusufu; Kurani inasimulia kwamba macho yake yaliingia weupe kwa huzuni, na bado ni yeye aliyewausia wanawe wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Yesu naye alimlilia Lazaro. Mwache jirani yako alie kwanza, mahubiri yatafuata.

"Yeremia 29:11 inaniahidi kwamba nitasafiri karibuni."
SI KWELI, ingawa ahadi ya matumaini imo. Aya hiyo inamhusu mkimbizi kuliko wengi wanavyojua, kwani imo katika barua waliyopelekewa watu waliohamishwa kwa nguvu hadi Babeli. Lakini aya inayoitangulia inataja miaka 70. Aliyewaahidi miaka miwili ni Hanania, na sura ya 28 inamhesabu kuwa nabii wa uongo. Aya ya 5 hadi ya 7 zinawaagiza wajenge, wapande, waoze watoto wao na wauombee amani mji waliomo.

"Mpe mtumishi sadaka, kesi yako itasonga."
SI KWELI hata kidogo. Huduma za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ni bure. Duniani kote, kwa mwaka, hata mkimbizi mmoja katika kila mia hapati kupelekwa nchi ya tatu. Kinachochelewesha kesi ni uchache wa nafasi. Anayedai pesa ili faili isogee, awe amevaa joho au suti, anakuibia.

"Anayelima au kufungua duka amekata tamaa na Mungu."
SI KWELI. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi na kutembea. Mtume Muhammad alimwambia mtu afunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Mama anayepanda mahindi na maharage Juru, ndani ya Nakivale, kijana anayeuza nguo Base Camp, binti anayetafuta nafasi katika chuo kikuu cha Mbarara: wote wanafanya kile ambacho barua ya Yeremia iliagiza. Ajizi ni nyumba ya njaa, na mgao wa chakula umekatwa zaidi ya mara moja.

"Jitihada haiondoi kudura."
KWELI, ukiisikiliza vizuri. Wahenga hawakusema jitihada ni bure. Walisema mwisho wa mambo haumo mikononi mwetu. Nakivale ilipokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Wengi wa wakimbizi wa kizazi hicho na watoto wao walirudi kwao baada ya 1994, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Wengine walizikwa ugenini. Hakuna aliyeujua mwaka wa kurudi, ila siku za katikati zilikuwa zao: kulima, kusomesha, kuoana, kusali.

Kwa hiyo usipime kusudi la Mungu kwa viza. Kesi ikifunguka, nenda ukishukuru. Isipofunguka, mtumaini vilevile, na kesho mpeleke mtoto shule.