Usingoje mahafali: Alika familia yako chuoni wikendi moja

Unakumbuka siku ya kutembelewa ulipokuwa shule ya upili? Tangu asubuhi macho yote yalikuwa langoni. Mama alipotokea na kapu la chapati na kuku, na soda iliyokwisha kupata joto njiani, hata yule mtukutu wa darasa aligeuka kuwa mtoto tena. Mlikaa chini ya mti, mkala, kisha baba akauliza kuhusu ripoti.

Sasa uko chuo kikuu na siku hiyo imetoweka. Kwa familia nyingi hapa Kenya, mzazi hufika chuoni mara mbili tu: siku ya usajili, akikusaidia kubeba godoro na ndoo, na siku ya mahafali, akiwa na shada la maua. Katikati hapo ni miaka minne, au mitano kwa anayesomea uhandisi na sita kwa anayesomea udaktari. Muda huo wote nyumbani wanakujua kwa simu. “Uko sawa?” “Niko sawa.” “Umekula?” “Nimekula.”

Na wewe unajua si kila mara umekula.

Marekani, vyuo vikuu vingi hutenga wikendi ya familia kila mwaka, mara nyingi wiki chache baada ya wanafunzi wapya kuingia. Wazazi na ndugu hutembezwa madarasani, hukutana na wahadhiri, hutazama mechi na kula pamoja na watoto wao. Vyuo vyetu vingi havina siku ya aina hiyo kwenye kalenda. Lakini je, nani amekukataza kujipangia yako?

Jambo hili si la kupiga picha tu. Shuleni, ukianza kuteleza, mwalimu alimpigia mzazi simu. Chuoni hakuna anayempigia. Ukishafika miaka 18 wewe ni mtu mzima kisheria, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari zako binafsi. Matokeo yako unayaona wewe. Pesa za HELB za matumizi zinaingia kwenye akaunti yako. Uhuru huo ni mtamu, lakini ndio huo huo unaomwezesha mtu kuzama polepole bila yeyote nyumbani kujua.

Huanza na kitu kidogo. Umekosa mtihani mmoja kwa sababu karo haikukamilika. Hukutaka kumtia mama wasiwasi, ukanyamaza. Muhula uliofuata ukawa na masomo mawili ya kurudia, na sasa kusema kukawa kugumu zaidi. Nyumbani wao wanahesabu miaka: huu wa kwanza, huu wa pili, huu wa mwisho. Wanaanza kuulizana bei ya mbuzi na ya kukodi matatu. Halafu orodha ya mahafali inatoka na jina lako halimo. Visa vya namna hii si vigeni vyuoni, na aghalabu havikuanza kwa ubaya. Vilianza kwa huruma. Ndiyo maana wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kutembelewa mara moja hakutafuta sapu zako. Lakini neno gumu husemeka kwa urahisi zaidi mkiwa mmeketi kwenye benchi, mmeshiba, kuliko kwenye simu huku wenzako wa chumba wakisikiliza na salio likikaribia kuisha.

Basi panga hivi. Epuka wiki mbili za kwanza, kwa kuwa bado unahangaikia chumba na ratiba. Epuka pia msimu wa mitihani. Katikati ya muhula, karibu wiki ya sita au ya saba, ndipo pazuri: umeshajua ulipo, na kama kuna jambo limeenda kombo bado kuna muda wa kulirekebisha. Jumamosi ni bora kwa wengi, maana Jumapili kuna kanisa na safari ya kurudi.

Ikiwa unaishi hosteli za chuo, ulizia mapema masharti ya wageni. Hosteli nyingi zina saa maalum, na huenda baba asiruhusiwe kuingia bweni la wasichana hata kama amekuja na kitambulisho na kofia ya heshima. Mwambie pia mwenzako wa chumba, asije akakutwa amejifunga taulo.

Usiwapeleke kwenye maduka makubwa ili waone umekuwa mtu wa mjini. Waonyeshe maisha yako ya kawaida: ukumbi wa mihadhara, maktaba, kibanda unapokula chapo madondo ukiwa na pesa na githeri ukiwa umesota. Kaeni hapo mle. Mzazi akiona bei na sahani ilivyo, ataelewa bajeti yako kuliko ukimtumia ujumbe mia.

Wape na hadithi ya mahali penyewe. Kama uko Chuo Kikuu cha Kenyatta, waambie kampasi ya Kahawa ilikuwa kambi ya wanajeshi wa Uingereza hadi ilipokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965. Kama uko Egerton, Njoro, waambie kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Mzazi anayelima mahindi atakuwa na maswali hadi jioni. Uko Maseno? Wapeleke barabarani wapige picha pale mstari wa ikweta unapopita. Na umwite mdogo wako aje. Huenda siku hiyo ndiyo atakayoamua kwamba naye atafika chuo kikuu.

Kisha tafuta nusu saa ya faragha na mzazi, watoto wakiwa mbali. Sema mambo matatu: karo imebaki kiasi gani, masomo yakoje, na wewe mwenyewe unaendeleaje, kwani kuna siku ambazo shida haiko mfukoni bali moyoni. Ukiwa na habari mbaya, ambatanisha na hatua uliyochukua: umeonana na mhadhiri, umeenda kwa mshauri wa wanafunzi, umeandika barua kuhusu karo. Yule mpenzi wako asizuke ghafla mezani. Hiyo ni safari nyingine.

Nauli je? Mzazi wa Lodwar mwenye mwana Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, anahitaji kuvuka nchi nzima. Usimlazimishe akope. Mwalike kaka anayefanya kazi karibu, au shangazi wa mjini, aende akasimulie nyumbani alichokiona. Au tembea kampasi nzima ukiwa kwenye simu ya video, nyanya akiona kila kona. Kama huna wazazi, mwite yule anayekuombea na kukutumia kidogo alicho nacho, hata akiwa jirani aliyesimamia harambee ya karo yako. Huyo naye ni familia.

Leo jioni fungua ratiba yako, chagua Jumamosi moja, upige simu nyumbani kabla tarehe hiyo haijachukuliwa na chama au matanga. Mama atashtuka na kuuliza kuna shida gani. Kama hakuna, mwambie unataka tu aone unapoishi. Kama ipo, mwambie ipo, si ya kumkosesha usingizi, na mtaizungumza akifika.