Chatu Hapewi Chakula Kila Siku

Kinama iko kaskazini mwa jiji la Bujumbura, katika tambarare ya Imbo, nchi ya joto na mashamba ya mpunga. Penye nafaka hapakosi panya, na penye panya nyoka hayuko mbali. Hata hivyo, wengi wamjuao nyoka humjua kwa fimbo tu. Ni wachache wajuao namna anavyokula, na kutojua huko humdhuru nyoka, na pengine humdhuru mtu pia.

Mahali pa kumtazama kwa usalama ni Makumbusho Hai ya Bujumbura, yaliyoanzishwa mwaka 1977, ambako hufugwa mamba na nyoka. Mtoto akipelekwa huko huuliza: mbona nyoka huyu amelala tu, hapewi chakula? Na akirejea nyumbani huenda akataka naye afuge nyoka mdogo, huku akiahidi kumlisha asubuhi na jioni kama kuku. Mzazi hana budi kuwa na jibu.

KWA NINI ANAKULA KIDOGO

Mtu, paka na kuku hujitengenezea joto la mwili, na sehemu kubwa ya chakula chao huteketea kwa kazi hiyo, mfano wa makaa katika jiko. Nyoka hana jiko hilo. Joto lake hulipata kwenye jua na ardhi, na kwa hiyo chakula chake hudumu.

Hebu tufanye hesabu. Paka anayepewa gramu 200 kwa siku hula kilo 73 kwa mwaka. Chatu wa kilo 5 akipewa nusu kilo kila baada ya wiki 4 hutumia kilo 6 na nusu tu kwa mwaka mzima, naye huwa ameshiba.

KIASI NA WAKATI

Wafugaji wenye ujuzi hufuata kanuni hizi. Chatu mchanga hulishwa mara moja kwa wiki, kwa kuwa bado anakua. Aliyekomaa hulishwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na aliye mkubwa sana huweza kungoja zaidi. Unene wa windo usizidi sana sehemu nene ya mwili wa nyoka. Kwa uzito, sehemu moja ya kumi ya uzito wake yatosha. Maji safi yawepo kila siku.

Windo lililokwisha kufa ni bora kuliko lililo hai, kwani panya aliyebanwa huuma, na jeraha lake huoza. Panya aliyeokotwa mtaani asitumiwe kamwe, maana huenda amekula sumu. Nyoka anayekaribia kujivua gamba mara nyingi hukataa chakula. Huyo asilazimishwe.

Baada ya kula, aachwe atulie kwa siku mbili au zaidi. Mwili wake wakati huo unafanya kazi kubwa mno. Mwaka 2005 wataalamu waliochunguza chatu wa Burma walieleza kwamba, katika muda wa siku mbili baada ya mlo mkubwa, misuli ya moyo wake huongezeka kwa asilimia 40, kisha hupungua tena. Akishikwashikwa au akipatwa na baridi kabla chakula hakijasagika, hutapika, na kutapika humdhoofisha sana.

HURUMA INAYOUA

Nyoka wengi wafugwao hawafi kwa njaa, bali huharibiwa na shibe. Mwenye nyumba humwona mnyama kakaa wiki nzima bila kula, akamwonea huruma, akamwongezea. Mafuta hujaa mwilini na kwenye ini, na maisha yake hufupika. Aliyenenepa kupita kiasi hutambulikana kwa ngozi inayoonekana baina ya magamba. Aliyekonda huonyesha uti wa mgongo uliochongoka. Mwenye afya ni wa mviringo, imara, asiye na kona wala mikunjo.

Aidha, mkono wenye harufu ya panya au kuku ni windo machoni pa chatu. Mchuma janga hula na wa kwao: nyumba yenye watoto wadogo si mahali pa chatu. Wala mtu asikamate wa porini kwa ajili ya kufuga au kuuza. Biashara ya chatu baina ya nchi husimamiwa na mkataba wa kimataifa ambao Burundi iliuingia mwaka 1988. Mwenye swali na aulize Ofisi ya Burundi ya Ulinzi wa Mazingira, OBPE.

NYUMBANI KINAMA

Kwa mama wa Kinama mwenye kuku watano na gunia la mchele, elimu hii ina faida nyingine. Nyoka haji nyumbani kwa ajili ya mtu, huja kwa ajili ya panya na vifaranga. Nafaka ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, banda la kuku lizibwe kwa wavu wenye matundu madogo, na nyasi na takataka ziondolewe karibu na nyumba. Akionekana nyoka, watoto waondolewe na aachiwe njia ya kupita. Asipokuta chakula katika ua huo, hatakuwa na sababu ya kurudi.