Darubini za Usiku na Uwindaji wa Koyote: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Makala haya yanamhusu msomaji aishiye Marekani, hasa mfugaji wa mbuzi, kondoo au kuku aliyechoka kuhesabu hasara kila asubuhi, na ambaye sasa anakusudia kununua kifaa cha kumwonea koyote gizani. Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa. Anafanana na bweha wa Afrika Mashariki, ila ni mkubwa zaidi: aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 9 hadi 23 hivi, na wale wa majimbo ya mashariki ndio wazito. Zamani makao yake yalikuwa nyika na majangwa ya katikati na magharibi ya bara. Leo anapatikana katika majimbo yote isipokuwa Hawaii, hata ndani ya miji kama Chicago. Anaposumbuliwa na watu mchana huhamishia shughuli zake usiku, na wawindaji wamemfuata huko huko.

Darubini ya joto ya kufungwa juu ya bunduki huuzwa kwa karibu dola 1,000, na zilizo bora hupita dola 5,000. Kwa kaya ya kawaida hizo ni fedha nyingi. Hata hivyo, kupoteza fedha si hasara kubwa kuliko zote inayoweza kumpata mtu asiyeelewa kifaa alichonunua.

Aina za vifaa

Kifaa cha kukuza mwanga hukusanya mwanga hafifu wa mwezi na nyota, huugeuza kuwa elektroni, huzizidisha elektroni hizo maelfu ya mara, kisha huzigonganisha na kioo kinachong'aa kwa rangi ya kijani au nyeupe. Usiku wa mawingu mazito usio na mwezi hakina cha kukuza, na hapo mtumiaji hulazimika kuwasha tochi ya infraredi. Kikiachwa wazi juani, mrija wake huweza kuungua na kubaki na madoa yasiyofutika. Anayenunua kilichotumika na akaguze madoa hayo kabla ya kulipa.

Kifaa cha kidijitali ni kamera inayohisi infraredi, na karibu kila mara huhitaji tochi yake. Tochi ya nanomita 850 humulika mbali, lakini taa yenyewe huonekana kama kaa jekundu lililofifia. Ile ya nanomita 940 haionekani kwa urahisi, ila humulika karibu zaidi. Aina hii ndiyo ya bei nafuu, na hutumika hata mchana.

Kifaa cha joto hakihitaji mwanga wowote. Kila kitu hutoa mionzi ya joto, na kihisio chake husoma tofauti ya joto baina ya kitu na mazingira yake. Lenzi yake hutengenezwa kwa gerimani, kwa sababu kioo cha kawaida huizuia mionzi hiyo. Wapo wanunuzi ambao hukijaribu sebuleni kupitia dirisha lililofungwa, wakaona ukungu mtupu, wakadhani wameuziwa kibovu. Fungua dirisha kwanza. Mvua na ukungu mzito hudhoofisha picha. Vivyo hivyo saa zile za machweo na alfajiri ambapo ardhi, mawe na vichaka huwa na joto linalokaribiana.

Umbali ulioandikwa kwenye kasha

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Kasha likiandikwa mita 1,800, kwa kawaida maana yake ni umbali ambao kifaa kinaweza kuonyesha kwamba kuna kitu chenye joto, na kitu hicho hukadiriwa kuwa na ukubwa wa mtu mzima. Kujua kitu hicho ni nini ni jambo jingine kabisa.

Tupige hesabu. Chukua kifaa chenye pikseli za mikroni 12 na lenzi ya milimita 35. Kwa umbali wa mita 100, kila pikseli hufunika kama sentimita 3.4. Koyote mwenye kimo cha sentimita 55 mabegani atachukua pikseli 16 toka chini hadi juu. Kwa mita 300 atachukua pikseli 5. Kwa zile mita 1,800, pikseli moja hufunika sentimita 62: mtu mzima atakuwa nukta ya pikseli tatu, na koyote hatajaza hata pikseli moja. Kasha halikusema uongo. Limejibu swali ambalo mnunuzi hakuuliza.

Mwaka 1958 mtafiti wa jeshi la Marekani, John Johnson, alipendekeza vigezo ambavyo bado vinatumika. Kwa hesabu ya pikseli, kugundua kwamba pana kitu huhitaji pikseli 2 hivi, kujua ni kitu cha aina gani huhitaji 8, na kukitambua hasa huhitaji takriban 13. Tena vigezo hivyo ni vya uwezekano wa nusu kwa nusu tu. Kwa mwenye kidole juu ya kifyatulio, nusu kwa nusu haitoshi hata kidogo. Kifaa chetu cha mfano, kiuzwacho kwa mita 1,800, humpa mwindaji mwangalifu mita 100 hivi za kuaminika.

Kukuza picha kwa kubonyeza kitufe hakuongezi pikseli, hunenepesha zile zile. Tena, kihisio cha pikseli 640 kwa 480 hakimwonyeshi koyote kwa undani zaidi kuliko cha 384 kwa 288 ikiwa lenzi na ukubwa wa pikseli ni sawa. Hupanua tu eneo linaloonekana. Kwa hiyo usiulize idadi ya pikseli peke yake. Uliza pia urefu wa fokasi ya lenzi na ukubwa wa pikseli, kisha ufanye hesabu hii mwenyewe dukani.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Picha ya joto haina rangi ya manyoya. Kwa umbali wa kawaida wa kuwinda haionyeshi ukosi wa mbwa wa jirani, na waya wa ua uliopoa sawa na hewa hupotea. Umbali wenyewe hudanganya, kwani mnyama mdogo aliye karibu na mkubwa aliye mbali hufanana. Mwendo husaidia kiasi: koyote akikimbia huning'iniza mkia chini, ilhali mbwa wengi huuinua. Lakini hiyo ni dalili, si uthibitisho.

Hata mchana watu hukosea. Mnamo Desemba 2021, karibu na Cooperstown katika jimbo la New York, mwindaji alimpiga mnyama wa ratili 85, sawa na kilo 38 na ushei, akidhani ni koyote mkubwa. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa alikuwa mbwa mwitu wa Amerika, ambaye asichanganywe na mbwa mwitu wa Serengeti. Mnyama huyo hulindwa kisheria katika sehemu kubwa ya nchi.

Liko kosa moja ambalo halina udhuru: kuitumia darubini ya bunduki kutazamia shamba. Afanyaye hivyo humwelekezea mtutu kila kiumbe kinachopita, awe mbwa, ndama, au mtu aliyetoka kwenda chooni. Tazamia kwa darubini ya mkononi; bunduki iinuliwe baada ya kujua ni nini kilichopo mbele na ni nini kilicho nyuma yake. Ikiwa fedha zinatosha kifaa kimoja tu, sisi tunashauri cha mkononi kitangulie.

Sheria hutofautiana

Kifaa kuuzwa dukani si ruhusa ya kukitumia. Texas haina msimu uliofungwa wa koyote, na huruhusu kumwinda usiku katika ardhi ya binafsi. Maine hutaka kibali maalumu cha kuwinda koyote usiku, na hairuhusu kuwinda Jumapili. California inakataza hata kumiliki darubini ya bunduki inayotoa miali ya infraredi. Katika wilaya tano za mashariki mwa North Carolina, yaani Beaufort, Dare, Hyde, Tyrrell na Washington, kuwinda koyote usiku kumepigwa marufuku kwa ajili ya kumlinda mbwa mwitu mwekundu aliye hatarini kutoweka. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo isome ya mwaka huu kutoka idara ya wanyamapori ya jimbo lako. Aidha, mwenye viza ya muda, kama vile mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida hazuiliwi na sheria ya shirikisho kumiliki darubini, bali huzuiliwa kumiliki bunduki na risasi, ila awe na leseni halali ya kuwinda au aingie katika msamaha mwingine uliotajwa na sheria.

Kabla ya kulipa

Jiulize kwanza kama unakihitaji. Zizi imara linalofungwa kila jioni, ua wa umeme, au mbwa aliyefunzwa kulinda mifugo hufanya kazi usiku kucha ukiwa umelala, na mara nyingi kwa gharama ndogo kuliko darubini.

Ukiamua kununua, omba kuusoma waraka wa dhamana kabla ya kutoa fedha. Kwa bidhaa inayozidi dola 15, kanuni za shirikisho humtaka muuzaji akuwezeshe kuusoma. Angalia kama dhamana inakubali mtikisiko wa bunduki yako, muda wa betri katika baridi, na nani analipa gharama ya kurudisha. Usidhani kila duka lina wajibu wa kupokea kifaa kisicho na kasoro eti kwa sababu umebadili nia. Ukiagiza kwa intaneti na muuzaji hakutaja muda wa kutuma, anapaswa kutuma ndani ya siku 30. Akichelewa, lazima akupe nafasi ya kufuta agizo na kurudishiwa fedha zote. Akikataa, peleka malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako, pamoja na stakabadhi.

Kupeleka nje ya nchi

Jamaa aliye Goma, Kigoma au Mombasa huweza kukuomba umpelekee darubini kama hii. Usikubali kwa haraka. Vifaa vingi vya joto na vya kukuza mwanga viko chini ya udhibiti wa mauzo ya nje, na kukibeba ndani ya begi lako ndani ya ndege huhesabiwa kuwa ni kusafirisha. Vingine husimamiwa na Wizara ya Biashara, vingine na Wizara ya Mambo ya Nje, na bei ndogo si dalili ya kuwa huru. Adhabu ya kosa la makusudi huweza kufika kifungo cha miaka 20 na faini ya dola milioni 1. Mwulize mtengenezaji kwa maandishi kifaa chako kimewekwa katika kundi gani la udhibiti, na uombe kibali kabla ya kukata tiketi.