Mvinyo wa kosher: kwa nini Myahudi huuliza nani ameugusa?

Tulipozungumzia vyakula na dini katika kipindi chetu, swali moja lilijirudia: zabibu ni tunda tu, halina damu wala halichinjwi, sasa mvinyo wake unawezaje kuruhusiwa au kukatazwa kwa Myahudi? Ili kulijibu, tumefuatilia habari za familia moja inayoishi kwa kazi hiyo, familia ya Herzog.

Walipoteza kiwanda, wakabaki na ujuzi

Chimbuko lao ni Vrbové, mji mdogo ambao leo uko Slovakia. Katika karne ya 19, Philip Herzog alitengeneza mvinyo huko, na familia husimulia kuwa ulifika hadi mezani kwa Kaizari Franz Josef wa Austria. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Wayahudi wa eneo hilo walisakwa na kuuawa, na Eugene Herzog alinusurika kwa kujificha na familia yake. Baada ya vita alianza upya, lakini mwaka 1948 wakomunisti walishika nchi, naye akahamia New York na mke na watoto.

Huko aliajiriwa na kampuni ndogo iitwayo Royal Wine. Aliendesha gari la mizigo, akauza chupa, akatengeneza mvinyo. Kampuni ilipokosa fedha za kumlipa, ilimpa hisa badala ya mshahara. Kufikia 1958, yeye na wanawe walikuwa ndio wenye kampuni. Mwaka 2005 familia ilifungua kiwanda kikubwa Oxnard, California.

Zabibu ni zilezile, tatizo ni mkono

Wengi wetu tutaelewa jambo hili tukifikiria bucha. Ng'ombe ni yuleyule, lakini Muislamu huuliza nani amemchinja. Kwa mvinyo wa kosher, swali ni nani ameushika. Yeyote anaweza kuchuma zabibu shambani. Lakini kuanzia zinapokamuliwa hadi chupa inapozibwa, wanaoshughulika na juisi na mvinyo wenyewe lazima wawe Wayahudi wanaoshika Sabato.

Asili yake ni ya kale. Mataifa jirani yalimimina mvinyo mbele ya sanamu, na Myahudi hakutakiwa kunywa kilichotolewa kwa miungu mingine. Baadaye marabi waliongeza katazo kwa mvinyo ulioguswa na asiye Myahudi, kwa sababu watu wanaokunywa pamoja huishia kuozana, nao walihofia jamii yao ndogo ingemezwa.

Hapo ndipo biashara inapokuwa ngumu. Kwa miaka mingi mtaalamu mkuu wa mvinyo wa Oxnard alikuwa mtu asiye Myahudi. Aliamua zabibu zivunwe lini na mvinyo ukae kwenye pipa kwa muda gani, lakini hakuruhusiwa kufungua bomba wala kujimiminia mvinyo wa kuonja. Alisema, wengine wakatenda. Tena kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku kazi husimama, hata kama ni msimu wa mavuno na zabibu zimeiva.

Vitu vinavyotiwa navyo huchunguzwa. Viwanda vingi duniani husafisha mvinyo kwa jelatini au kwa kibofu cha samaki asiyeruhusiwa kwa Wayahudi. Viwanda vya kosher hutumia zaidi udongo maalumu au ute wa mayai.

Na mhudumu wa hotelini je?

Chupa ikishafunguliwa, swali linarudi. Mhudumu asiye Myahudi akimimina, mvinyo umeharibika kwa mteja anayeshika sheria. Njia iliyopo ni kuupasha moto. Mvinyo huo huitwa kwa Kiebrania mevushal, maana yake uliopikwa. Kwa kuwa uliopikwa haukufaa kutolewa madhabahuni, katazo la kuguswa haliuhusu, na mtu yeyote anaweza kuumimina.

Zamani kupika huko kuliua ladha. Siku hizi juisi au mvinyo hupita kwenye mitambo yenye joto la kati ya nyuzi 75 na 90 hivi, kwa sekunde chache tu, kisha hupoozwa mara moja. Kiwango cha joto hutegemea rabi anayesimamia.

Lile jina la kuwa mvinyo wa kosher ni mtamu kama sharubati lilitoka New York. Wahamiaji walitumia zabibu za huko ziitwazo Concord, zenye ukali, wakalazimika kutia sukari nyingi. Sheria ya dini haidai utamu. Akina Herzog bado wanauza mvinyo huo mtamu, pamoja na mvinyo mkavu wa California.

Kwa nini wavumilie usumbufu wote huo? Kwa sababu kikombe cha mvinyo hubarikiwa katika nyumba ya Kiyahudi kila Ijumaa jioni, na usiku wa Pasaka yao kila mtu hunywa vikombe vinne. Eugene Herzog alipofika New York bila kiwanda, aliwakuta watu wenye kuhitaji kikombe hicho kila wiki, na wasingekubali kukipokea kutoka mkono wowote tu. Ujuzi aliobaki nao ndio waliokuwa wakiutafuta.