Java inayobeba ripoti za Garsen, na anayeilipia

Januari 2023 kampuni ya Oracle, mmiliki wa Java, ilibadilisha namna ya kutoza wateja wa lugha hiyo ya kompyuta. Awali seva ililipiwa kwa prosesa, dola 25 kila moja kwa mwezi kwa bei ya orodha. Tangu hapo wanahesabiwa watu walioajiriwa: dola 15 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kama hawajafika 1,000, dola 12 wakiwa kati ya 1,000 na 2,999, kisha bei inashuka ngazi kwa ngazi hadi dola 5.25 kwa mwajiri mwenye watu 40,000 hadi 49,999. Wa kudumu anahesabiwa, wa muda anahesabiwa, na wa kampuni ya nje anayefanya kazi za ndani naye anahesabiwa. Mlinzi wa lango na dereva wa ambulensi wamo, wawe wamewahi kugusa kibodi au la.

Tuipeleke orodha hiyo Tana River, kaunti ya Kenya yenye wakazi 315,943 kwa sensa ya 2019. Tuchukulie mwajiri mwenye watu 1,000 kamili na seva moja ya prosesa 8. Kwa bei ya zamani angelipa dola 2,400 kwa mwaka. Kwa bei mpya ni 1,000 mara 12 mara miezi 12, yaani dola 144,000. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi milioni 18.6. Bei imepanda mara 60 na seva haijaongezwa hata waya. Orodha yenyewe ina kioja chake: mwajiri wa watu 999 angelipa dola 179,820, kwa hiyo angeokoa dola 35,820 kwa kuajiri mtu mmoja zaidi. Mshahara wa huyo wa elfu ungetoka kwenye punguzo, na chenji ikabaki.

Zidisha kwa kaunti zote 47, kila moja ikilipa kivyake, upate dola 6,768,000 kwa mwaka. Zikiungana kuwa mteja mmoja wa watu 47,000, bei inashuka hadi dola 2,961,000, karibu shilingi milioni 382. Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, nenda Garsen, mji wa Tana River, ukaulize nani analipia Java. Hakuna. Na bado Java inatumika huko kila mwezi.

Mwisho wa mwezi muuguzi wa zahanati katika kaunti ndogo ya Tana Delta hufungua rejista na kuanza kujumlisha. Watoto chini ya miaka mitano waliotibiwa wanaingia fomu ya MOH 705A, wakubwa 705B, chanjo 710. Malaria wangapi, kuhara wangapi, nimonia wangapi, siku kwa siku, kisha jumla pembeni kwa kalamu. Fomu zinafika ofisi ya kaunti ndogo kwa bodaboda au matatu, na mto ukifurika kwa mashua. Kabla ya tarehe 15 afisa wa rekodi za afya anatakiwa awe ameziingiza kwenye KHIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya. Magonjwa ya mlipuko hayangoji tarehe hiyo. Yana fomu yao ya kila wiki, MOH 505. Mei 2024, mafuriko yakiwa bado hayajapungua, Shirika la Afya Duniani lilitaja wagonjwa 44 wa kipindupindu katika Tana River. Idadi kama hiyo ikichelewa wiki mbili njiani, inakuwa habari ya kihistoria tu.

KHIS imejengwa juu ya DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika katika nchi zaidi ya 70. DHIS2 imeandikwa kwa Java. Chini yake kuna Tomcat, PostgreSQL na Linux, na kila tabaka lina leseni huria: DHIS2 ina leseni ya BSD, Tomcat ya Apache, Linux ya GPL, PostgreSQL ina ya kwake. Gharama ya leseni kwa matabaka yote hayo ni sifuri.

Sifuri hiyo, pamoja na wepesi wa kuitunza Java, vilitokana na maamuzi mawili, mmoja wa California na mwingine wa Pwani ya Kenya.

Wa kwanza ni wa Novemba 2006. Kampuni ya Sun Microsystems, iliyoizaa Java na kuitangaza mwaka 1995, ilianza kuifungua kwa leseni ya GPL. Mwaka 2007 sehemu kubwa ya msimbo ilikuwa hadharani kwa jina la OpenJDK. Iliongezwa ruhusa maalumu kwamba programu inayoegemea Java hailazimiki nayo kufunguliwa. Bila kifungu hicho benki na makampuni ya simu yangeikimbia. Oracle iliinunua Sun Januari 2010 kwa dola bilioni 7.4 na kurithi msimbo, jina na alama ya biashara, lakini ruhusa iliyokwisha kutolewa kwa GPL haiwezi kurudishwa mfukoni. Ndiyo maana kampuni ilipopandisha bei mwaka 2023, Java ile ile ilikuwa ikipatikana bila malipo kwa majina mengine: Temurin ya wakfu wa Eclipse, Corretto ya Amazon, Zulu ya Azul, na nyingine za Red Hat na Microsoft. Maelekezo ya DHIS2 yenyewe yanapendekeza OpenJDK.

Bure hiyo, hata hivyo, ina mwenyewe. Bodi ya OpenJDK ina viti 5. Mwenyekiti na kiongozi wa mradi wanateuliwa na Oracle, makamu mwenyekiti na IBM, na viti 2 tu vinapigiwa kura na wachangiaji. Jina la Java pia halikufunguliwa: anayetaka kutangaza kuwa mashine yake inaendana na Java lazima apitishe vipimo rasmi, na vipimo hivyo vina leseni yao. Wakfu wa Apache, wenyewe wanaoitunza Tomcat, walijitoa kwenye kamati kuu ya Java Desemba 2010 kwa ugomvi wa vipimo hivyo. Kwa hiyo mwenye msimbo na mwenye neno la mwisho si lazima wawe mtu mmoja, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanunuzi wa serikali hujikwaa. Wanauliza kama programu ni huria, hawaulizi nani anaiamulia.

Uamuzi wa pili ni wa 2011. DHIS2 ilijaribiwa kwanza nchini katika Mkoa wa Pwani, ambao Tana River ilikuwa wilaya yake mojawapo. Mazoea ya wakati huo yalikuwa kila ofisi ya wilaya iwe na programu yake kwenye kompyuta yake, na takwimu zisafirishwe kwa diski. Wataalamu walipopima intaneti ya modemu za simu huko Pwani wakaona inatosha, wakaamua nchi nzima itumie seva moja. Kufikia Septemba 2011 mfumo ulikuwa umesambazwa kitaifa, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kufanya hivyo kwa njia ya mtandao.

Hapa ndipo hesabu inapendeza. Kwa mpango wa zamani, Tana River ya leo yenye kaunti ndogo tatu ingekuwa na mashine tatu za kutunza na kusasisha. Kwa seva moja, Garsen inahitaji kompyuta, kivinjari na bando. Java haipo Garsen kabisa. Iko kwenye seva, na kazi ya kuisasisha inafanywa mara moja kwa niaba ya kaunti zote 47. Ubaya wake ni huo huo: seva ikilala, Garsen, Lodwar na Nyeri zinalala pamoja.

Na kusasisha hakuna mwisho. Kuanzia Januari 1996 hadi Machi 2014, miaka 18, Java ilifika toleo la 8. Kuanzia hapo hadi Septemba 2025, miaka 11 na nusu, ilifika la 25. Kilichotokea katikati ni uamuzi wa mwaka 2017 wa kutoa toleo kila miezi sita, liwe na jambo kubwa au dogo. Mengi yanaishi miezi sita tu. Yanayotunzwa kwa miaka ni machache: 8, 11, 17, 21 na sasa 25. DHIS2 nayo ina mwendo wake, siku hizi toleo kubwa moja kwa mwaka, na matoleo matatu ya karibuni tu ndiyo yanayorekebishwa. Toleo la 41 la mwaka 2024 lilihitaji Java 17. Aliyekuwa bado kwenye Java 11 alilazimika kuhamisha vyote viwili.

Kwa nini usibaki tu na la zamani, maadamu linafanya kazi? Jibu ni Desemba 2021. Ilitangazwa kasoro katika Log4j, maktaba ndogo ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio inayotunzwa na kikundi kidogo cha watu wa kujitolea. Kwa kipimo cha hatari ilipata 10 kati ya 10: mshambuliaji aliweza kuiamuru seva kwa kutuma mstari mmoja wa maandishi. Timu ya DHIS2 ilitoa marekebisho kwa matoleo yaliyokuwa bado yanatunzwa. Aliyelala miaka mitatu nyuma alikuwa na kazi kubwa zaidi usiku huo huo.

Kuhama kunagharimu watu. Tukadirie wataalamu 3 kwa siku 10 kwa shilingi 10,000 kwa siku, kunakili hifadhidata, kujaribu kwenye seva ya pembeni, kurekebisha ripoti zilizovunjika: shilingi 300,000. Weka hata mara tano ya hapo, milioni 1.5, na bado ni chini ya sehemu moja ya kumi ya zile milioni 18.6 za mwajiri mmoja. Tatizo ni kwamba ankara ya leseni inafika mezani na kudai sahihi, ilhali kazi ya kuhama haina ankara, basi inaahirishwa. Kwa miaka mingi maendeleo ya DHIS2 yamebebwa na wafadhili, Norway ikiwa mmoja wao, na mwaka 2025 ulionyesha misaada inavyoweza kusimamishwa kwa sahihi moja ya Washington.

Kuna mfano wa upande wa pili. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu Nancy Gathungu, katika ripoti iliyojadiliwa Machi 2025, alieleza kuwa mfumo wa kidijitali wa huduma za afya wa shilingi bilioni 104.8 haumilikiwi wala kudhibitiwa na serikali inayoulipia. Haki ziko kwa muungano wa makampuni. Tukigawa kwa wakazi, sehemu ya Tana River ni takriban shilingi milioni 696. Si haki kulinganisha moja kwa moja, kwani fedha hizo zinagusa vifaa, mtandao na huduma, wakati KHIS inakusanya takwimu tu. Tofauti inayohesabika ni ya mlango wa kutokea. DHIS2 ikigombaniwa, Kenya inaweza kuchukua msimbo na takwimu zake na kuendelea na mkandarasi mwingine. Kwenye ule mwingine, kwa mujibu wa mkaguzi, mlango uko kwa mwenye mali.

Kuna mtego mdogo zaidi ambao unaweza kuikuta ofisi yoyote inayofunga programu ya mishahara au ya ushuru wa soko. Tangu Septemba 2021 Oracle hutoa matoleo yake ya muda mrefu bila malipo, lakini kwa kipindi: mpaka mwaka mmoja baada ya toleo linalofuata la muda mrefu. Masasisho ya bure ya Java 17 ya Oracle yaliisha Septemba 2024. Ya 21 yanaisha Septemba 2026. Fundi aliyepakua faili la Oracle badala ya Temurin, mawili yanayofanana karibu kwa kila hali isipokuwa leseni, akibonyeza kusasisha baada ya tarehe hiyo kwenye seva ya kazi anaingia kwenye orodha ya dola 15, na hapo walinzi na madereva wataanza kuhesabiwa. Kuangalia ni amri moja kwenye seva, java -version, na jibu linatoka kabla hujaondoa kidole.