Sinema ya Kimarathi: Utangulizi kwa Mtazamaji Mgeni

Wengi wetu wa mwambao wa Afrika Mashariki tumekua tukiisikia sauti ya Lata Mangeshkar, na wengi tulidhani Kihindi ndiyo lugha ya kwao. Kumbe Lata alikuwa Mmarathi, binti wa Dinanath Mangeshkar, mwimbaji mashuhuri wa tamthilia za muziki za Kimarathi. Mwaka 1942, akiwa bado msichana mdogo, alianza kazi katika filamu za lugha yake, kabla Bombay haijamchukua jumla. Mdogo wake Asha Bhosle alipita njia hiyohiyo. Madhuri Dixit, Nana Patekar na marehemu Smita Patil nao ni Wamarathi. Lugha yao ndiyo lugha ya jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, na ina wasemaji zaidi ya milioni 80. Mji mkuu wa jimbo hilo ni Mumbai, yaani Bombay ya zamani, jiji lililotuletea filamu za Kihindi zilizojaza majumba ya sinema ya Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa.

Anayetaka kuielewa sinema ya Kimarathi aanzie kwenye ujirani huo. Sinema hii imekaa kitongoji kimoja na jitu, sinema ya Kihindi. Jitu hilo limekula waigizaji wake, waimbaji wake na fedha zake, na wakati huohuo limeifunza kazi.

Mwanzo wenyewe una utata. Dadasaheb Phalke, mzaliwa wa Trimbak karibu na Nashik, alionyesha Raja Harishchandra jijini Bombay Mei 1913, nayo huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya India. Hakumpata mwanamke aliyekubali kusimama mbele ya kamera, hivyo nafasi ya malkia Taramati akampa Anna Salunke, kijana aliyekuwa mpishi mkahawani. Miaka minne baadaye, katika Lanka Dahan, Salunke aliigiza Rama na pia Sita, mume na mke, ndani ya filamu moja! Je, hizi ni filamu za Kimarathi? Waliozitengeneza walikuwa Wamarathi, na uigizaji wao ulinyonya jukwaa la Kimarathi. Lakini filamu isiyo na sauti haina lugha. Ukibadilisha maandishi yake, inauzika popote. Kwa maoni yangu, kuziita za Kimarathi ni kugawana urithi kabla ya wakati.

Sauti ndiyo iliyolazimisha uamuzi. Mwaka 1932 kampuni ya Prabhat, iliyoanzishwa Kolhapur mwaka 1929 na V. Shantaram pamoja na wenzake wanne, ilitoa Ayodhyecha Raja, filamu ya kwanza ya Kimarathi yenye sauti. Hadithi ni ileile ya mfalme Harishchandra. Safari hii malkia Taramati aliigizwa na mwanamke, Durga Khote, tena wa familia ya watu wakubwa, jambo lililofungulia wanawake wengine mlango. Filamu hiyo ilitengenezwa mara mbili, kwa Kimarathi na kwa Kihindi, kwa mandhari zilezile na mavazi yaleyale. Kwa mtayarishaji hesabu ilikuwa nyepesi: umeshajenga kasri la mbao, kwa nini usilitumie tena kwa soko lililo kubwa mara nyingi zaidi? Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuiumiza lugha ndogo.

Lakini kwa muongo mmoja Prabhat, iliyohamia Pune mwaka 1933, ilifanya kazi ambayo bado inashangaza. Sant Tukaram ya mwaka 1936, iliyoongozwa na Damle na Fattelal, inamhusu mshairi mtakatifu wa karne ya 17. Filamu za watakatifu huwa na utamu wa kukinaisha. Hii imeokolewa na Jijai, mke wa Tukaram, mwanamke mwenye watoto wenye njaa na mume anayegawa kila kitu, ambaye hafichi hasira yake hata mbele ya mungu hekaluni. Mwaka 1937 ilitambuliwa katika tamasha la Venice. Mwaka huohuo Shantaram alitoa Kunku, kisa cha msichana aliyeozwa kwa hila kwa mzee mjane, naye akakataa katakata kuwa mke wake. Shanta Apte aliiigiza nafasi hiyo kwa ukali ambao sinema ya Kihindi ilichukua miaka mingi kuuruhusu tena.

Shantaram aliondoka kwenda Bombay mwaka 1942, na Prabhat haikupona. Eneo lake la Pune leo ni chuo cha taifa cha filamu.

Miongo iliyofuata naipitia haraka. Shyamchi Aai ya P. K. Atre ilitwaa tuzo ya kwanza ya taifa ya filamu bora, mwaka 1954. Sangtye Aika ya mwaka 1959 ilihusu kile Wamarathi wanachokiita tamasha, yaani ngoma za jukwaani za vijijini, na Pune iliionyesha kwa zaidi ya wiki 130. Katika miaka ya 1970 Dada Kondke alichekesha umma kwa mafumbo ya matusi ambayo wasomi walijifanya hawayaelewi, huku daktari Jabbar Patel akichambua siasa za jimbo katika Simhasan. Baadaye vichekesho vikawa vingi, na vingi vikawa hafifu.

Shwaas, ya mwaka 2004, inamhusu babu na mjukuu ambaye lazima apoteze macho ili asife kwa saratani. Ilishinda tuzo ya taifa ya filamu bora, tuzo ambayo Kimarathi hakikuwa kimeipata tangu Shyamchi Aai, nusu karne nzima. Baada yake kikaja kizazi kilichotambua kwamba Mumbai inaacha mengi bila kuyagusa, hasa matabaka ya kuzaliwa nayo.

Mkuu wa kizazi hicho ni Nagraj Manjule, mtoto wa familia ya Wadalit, watu waliowekwa chini ya matabaka yote, kutoka wilaya ya Solapur. Katika Fandry, ya mwaka 2013, mvulana anayempenda msichana wa tabaka la juu analazimika kukamata nguruwe na familia yake mbele ya wanafunzi wenzake. Katikati ya msako wimbo wa taifa unasikika kutoka shuleni. Familia nzima inasimama wima kwa heshima, na nguruwe anatoroka. Sijui tukio jingine la sinema lililosema mengi kuhusu uraia kwa muda mfupi hivyo. Miaka mitatu baadaye Sairat, ya mapenzi ya matabaka mawili, ikawa filamu ya kwanza ya Kimarathi kuvuka mauzo ya rupia bilioni 1. Dakika zake za mwisho hazina sauti kabisa. Mumbai iliinunua hadithi, ikatoa Dhadak mwaka 2018, na tabaka likafifishwa hadi karibu lisionekane.

Chaitanya Tamhane alichukua njia ya ukimya. Court, iliyotuzwa Venice mwaka 2014, inafuata kesi ya mwimbaji mzee anayeshtakiwa kwamba wimbo wake ulimfanya msafishaji wa mitaro ajiue. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, na kamera inawafuata mawakili hadi nyumbani kwao, wakila, wakitazama televisheni. Mwaka 2025 Sabar Bonda ya Rohan Kanawade, mapenzi ya wanaume wawili kijijini wakati wa matanga, ilipata tuzo kuu ya tamthilia za kimataifa huko Sundance.

Kwa mgeni ushauri wangu ni kutoanza na Sairat, ingawa ndiyo iliyo rahisi kupatikana. Tazama kwanza Sant Tukaram, umsikilize Jijai, kisha Fandry. Ukifika Sairat utamwona Archi, msichana wa kisa hicho, akiendesha trekta na pikipiki mbele ya kijiji kizima, na utajua ukali wake ameurithi kwa nani.